Kuondoa Maji ya Mwisho Kwenye Spiriti: Zeolaiti, Chokaa, Njia za Viwandani, au Kuiacha Ilivyo

Spiriti ya asilimia 96 kwa ujazo ndiyo etanoli ambayo maabara nyingi za Arusha na Moshi huipata bila shida kubwa, ziwe za shule, za hospitali au za utafiti. Molasi ni malighafi yake ya kawaida, na ukanda huu una molasi: mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC yako Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Etanoli kavu, ile ambayo chupa yake huandikwa asilimia 99.5 au zaidi, ni habari nyingine. Kwa kawaida huagizwa kupitia Dar es Salaam, bei yake huizidi ile ya spiriti kwa mbali, na mzigo ukichelewa kazi husimama. Ndipo fundi sanifu wa maabara au mwalimu wa kemia anapoanza kujiuliza ni njia ipi itamfaa ili kuyaondoa yale maji machache yaliyobaki, na mara nyingi wazo la kwanza huwa ni kuirudisha spiriti kwenye mtambo wa kukenekea na kuichemsha upya.

Wazo hilo halifiki mbali, na ni lazima kuelewa kwa nini kabla ya kuzilinganisha njia zinazofika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kazi ya lita chache hadi makumi machache ya lita, punje za zeolaiti (madini yenye vijitundu vinavyonasa maji) za aina ya 3A zinazishinda njia nyingine zote; chokaa ni njia ya akiba inayofaa kujulikana; na zile za viwandani ziachiwe viwanda. Aidha, wengi wanaotaka kuikausha spiriti hawana haja nayo ikiwa kavu, na kwao jibu sahihi ni kutofanya lolote.

Mahali ukenekaji unapokwama

Ukenekaji, yaani kuchemsha kiowevu na kuupoza mvuke wake, hutenganisha viowevu kwa sababu mvuke unaopanda huwa na kiasi kikubwa zaidi cha kile kinachovukizwa kwa wepesi kuliko kiowevu kilichobaki chini. Chukua mchanganyiko wa maji na etanoli ambamo kati ya kila molekuli mia, kumi ni za etanoli. Ukichemka, mvuke wake huwa na etanoli karibu asilimia 44. Hiyo ni faida kubwa kwa mchemko mmoja. Kiowevu kikishafika asilimia 75, mvuke huwa na asilimia 78 tu, na faida imekwisha kuwa ndogo. Kikifika asilimia 89.4, mvuke nao ni asilimia 89.4. Kuanzia hapo kinachopanda na kinachobaki ni kitu kimoja, na hata mnara wa kukenekea ukirefushwa mara mbili, hakuna kitakachobadilika.

Mchanganyiko uliofika hapo ndio unaoitwa azeotropu, jina lililotolewa na wanakemia John Wade na Richard William Merriman mwaka 1911. Ile asilimia 89.4 ni kwa hesabu ya molekuli. Kwa uzito ni asilimia 95.6, na kwa ujazo ni karibu asilimia 97. Hesabu hizi tatu huwachanganya watu wengi, kwa hiyo kila unaposoma kibandiko cha chupa, hakikisha kwanza ni asilimia ya nini. Spiriti ya asilimia 96 kwa ujazo ina etanoli asilimia 93.8 kwa uzito, maana yake katika kila kilo moja kuna gramu 62 hivi za maji.

Chanzo cha hali hii ni namna molekuli zinavyohusiana. Mfaransa François-Marie Raoult alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba, katika mchanganyiko ulio mkamilifu, kila kiowevu huchangia mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ndani ya mchanganyiko. Kanuni hiyo hutimia pale molekuli za aina mbili zinapovutana kwa nguvu ileile ambayo kila aina huvutana yenyewe kwa yenyewe. Maji na etanoli haviko hivyo. Molekuli za maji zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni pande zote, na sehemu ya kaboni ya etanoli inapoingia kati yake haikaribishwi kwa nguvu ileile. Zikiwa pamoja, molekuli huponyoka kwenda kwenye mvuke kwa wepesi zaidi ya vile kanuni ya Raoult ingetabiri, na mchanganyiko huweza kuchemka kwenye joto la chini kuliko viowevu vyote viwili: etanoli huchemka kwenye nyuzi joto 78.3 za Selsiasi, maji kwenye 100, na azeotropu yake kwenye 78.2. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi ndiyo inayoisimamisha kazi nzima.

Ipo pia hali iliyo kinyume. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 na klorofomu kwenye 61, lakini molekuli zake huvutana sana zinapokutana, hata zikatengeneza azeotropu inayochemka kwenye nyuzi 64.5, juu ya zote mbili. Asidi ya haidrokloriki na maji hufanya vivyo hivyo: mchanganyiko wake hutulia kwenye asilimia 20.2 kwa uzito, kwenye nyuzi 108.6. Kwa mtu anayekeneka, tofauti ya aina hizi mbili ni ya kiutendaji kabisa. Azeotropu ya mchemko wa chini hupanda na kuingia kwenye chombo cha kupokelea, ilhali ya mchemko wa juu hubaki ndani ya chupa inayochemshwa. Etanoli na maji ni ya aina ya kwanza, na njia zote zinazofuata ni namna mbalimbali za kuuvuka mpaka huo.

Mwinuko wa Arusha hausaidii

Hapa pana jambo linalowahusu watu wa kwetu. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na etanoli kwenye nyuzi 74. Moshi mjini, ambako mwinuko ni mita 800 na kitu, etanoli huchemka karibu na nyuzi 76. Mwanafunzi anayesoma kitabuni nyuzi 78 kisha akaona kipimajoto kinasimama kwenye 74 asidhani kifaa ni kibovu. Kifaa kinasema kweli kuhusu mahali alipo.

Je, kanieneo hii ndogo inaivunja azeotropu? Ni kweli kwamba kadiri kanieneo inavyoshuka, azeotropu ya etanoli na maji husogea kuelekea etanoli tupu, na chini ya milimita 70 hivi za zebaki (kipimo cha kanieneo) hutoweka kabisa. Lakini Arusha iko kwenye milimita 640 hivi. Badiliko linalopatikana kwa mwinuko wetu ni dogo mno kiasi cha kutoonekana kwenye kazi ya kawaida. Kukeneka chini ya milimita 70 kunahitaji pampu nzuri ya kuvuta hewa, na mvuke wenyewe hupoa na kurudi kuwa kiowevu kwa shida kwa sababu joto lake la mchemko liko chini hata ya nyuzi 30, joto la mchana wa kawaida wa Moshi. Njia hii naiondoa kwenye mashindano bila kusita.

Kwanza: je, unaihitaji ikiwa kavu?

Kwa kutengeneza kitakasa mikono, hapana. Mapishi ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 huanza na mililita 8,333 za etanoli ya asilimia 96, kisha mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliseroli ya asilimia 98, na maji yaliyochemshwa au kukenekwa mpaka lita 10 zitimie, ili mwishoni etanoli iwe asilimia 80. Kuyaondoa maji kwa gharama ili kuyarudisha baadaye ni upotevu, na etanoli isiyo na maji huua vijidudu kwa ufanisi mdogo kuliko yenye maji, kwa kuwa maji yanahitajika ili protini za vijidudu ziharibike ipasavyo.

Kwa manukato, kwa kuchuja viini vya mimea, kwa kufuta vioo na meza za maabara, na kwa jiko la etanoli la nyumbani, hapana pia. Spiriti ya 96 inatosha, na kwa viini vingi vya mimea maji kidogo husaidia kuyeyusha kile ambacho etanoli tupu ingekiacha. Hata hatua ya kuondoa rangi katika upakaji rangi wa Gram, unaotofautisha aina za bakteria, hufanywa kwa etanoli ya asilimia 95 bila tatizo.

Zipo kazi ambazo jibu ni ndiyo. Ya kwanza kwa watu wa hospitali ni uandaaji wa vipande vya tishu. Kipande hupitishwa kwenye etanoli ya asilimia 70, kisha zenye nguvu zaidi, hadi kufikia kavu kabisa, ndipo kiingizwe kwenye zailini na hatimaye kwenye nta ya parafini. Zailini haichanganyiki na maji. Etanoli ya mwisho ikiwa na maji, zailini hugeuka kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, nta haipenyi vizuri, na kipande hukatika ovyo kwenye kisu. Ya pili ni kemia ya utafiti ambamo maji huharibu kitendanishi. Ya tatu ni kuchanganya etanoli na petroli, kwa kuwa maji yakizidi kidogo mchanganyiko hujitenga tabaka mbili ndani ya tangi. Kama kazi yako haimo humo wala haifanani nazo, unaweza kuishia hapa na kuokoa fedha.

Zeolaiti na chokaa, ana kwa ana

Hizi mbili ndizo zinazostahili kulinganishwa kwa kirefu, kwa sababu ndizo mtu mwenye maabara ndogo anaweza kuzitumia kweli.

Zeolaiti ya 3A ni madini ya kutengenezwa, yenye silika, alumina na potasiamu, yanayouzwa kama punje ndogo za rangi ya maziwa. Ndani ya kila punje mna vijitundu vyenye upana wa karibu angstromu 3 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Molekuli ya maji, yenye upana pungufu ya 3, huingia na kunaswa; ya etanoli, yenye zaidi ya 4, hubaki nje. Ni kama chekeche linalopitisha unga na kuzuia pumba, isipokuwa kwamba hapa unga haupiti ukaenda zake, unabaki umeshikwa ndani. Azeotropu haina nguvu yoyote juu ya jambo hili, kwa kuwa kinachotenganisha sasa ni ukubwa wa molekuli wala si wepesi wake wa kuvukizwa.

Namba 3 hiyo ina maana, na muuzaji asikubadilishie. Zeolaiti ya 4A ina vijitundu vipana zaidi na hunasa pia etanoli kiasi, jambo linalopunguza nafasi ya maji. Silika jeli, zile punje za kwenye vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, hunasa vyote viwili bila kubagua, na kwa kazi hii haifai.

Hesabu yake ni nyepesi. Lita 10 za spiriti ya 96 zina uzito wa kilo 8.07, na ndani yake mna karibu nusu kilo ya maji. Zeolaiti nzuri hubeba maji hadi kama asilimia 20 ya uzito wake, lakini katika kazi ni busara kuhesabu asilimia 15, na hivyo unahitaji kilo 3.3 kwa uchache. Chukua kilo 4 au 5. Ni bora kuzigawa mara mbili. Sehemu kubwa itumike kwanza, iachwe siku moja au mbili huku chombo kikitikiswa mara kwa mara, kisha spiriti imiminwe kwa upole kwenye chombo kingine chenye punje mpya zilizobaki. Punje za kwanza hubeba mzigo, za pili humaliza. Ukiziweka zote kwa mara moja, maji ya mwisho hutoka kwa kusuasua.

Utajuaje kwamba punje ulizouziwa bado ni kavu? Weka chache kwenye kikombe cha kioo, tia maji matone machache, ushike kikombe kwa nje. Punje hai hutoa vipovu vidogo kwa sauti ya kuchacha na kikombe kinapata joto la kuhisika mara moja. Zilizokwisha kunywa unyevu wa hewa hulowa tu kama kokoto. Kwa sababu ya joto hilohilo, usimimine spiriti nyingi kwa ghafla juu ya punje kavu ndani ya chombo kilichofungwa; anza kidogo, acha ipoe, ongeza.

Faida kubwa ya zeolaiti ni kwamba haiishi. Punje zilizoshiba hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 250 hadi 300 kwa saa kadhaa, na hurudi kazini. Joto la oveni ya kawaida ya kutakasia vyombo, nyuzi 160 au 180, halitoshi kuyafukuza maji yote. Na hapa ndipo penye hatari inayosahaulika: punje zilizotoka kwenye spiriti zimelowa etanoli kwa nje. Zikiingizwa tanurini hivyo, mvuke hujaa ndani na kulipuka. Zitandazwe kwanza mahali penye hewa ya wazi, mbali na moto, mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa. Zisuuzwe kwa maji kisha zianikwe, ikiwezekana, ndipo ziende kwenye joto. Kasoro yake nyingine ni vumbi laini linalobaki ndani ya etanoli, ambalo huondolewa kwa kuchuja au kwa kukeneka mara moja.

Chokaa hufanya kazi kwa namna tofauti. Kalsiamu oksaidi haihifadhi maji bali huyala: gramu 56 zake huungana na gramu 18 za maji na kuwa kalsiamu haidroksaidi. Kwa ile nusu kilo ya maji ndani ya lita 10, hesabu inadai zaidi kidogo ya kilo 1.5, na kwa kuwa chokaa ya mitaani si safi na si kila chembe itafikiwa, huwekwa karibu mara mbili. Huchemshwa pamoja na spiriti kwa saa kadhaa chini ya kipozeo kinachorudisha mvuke chupani, juu ya maji ya moto na kamwe si juu ya mwali, kisha etanoli hukenekwa. Matokeo yake kwa kawaida ni karibu asilimia 99.5.

Kikwazo kiko dukani. Chokaa ya mifuko inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile ya kupakia kuta, kwa kawaida imekwisha kuzimwa. Ni kalsiamu haidroksaidi tayari, na haina uwezo wowote wa kukausha spiriti. Inayotakiwa ni ile ambayo haijazimwa, mawe meupe yaliyotoka tanuruni. Ukidondoshea jiwe hilo maji, hunyamaza kidogo, kisha hupasuka, huvimba, hutoa mvuke na kupata moto wa kuunguza. Isipofanya hivyo, rudisha. Vaa miwani wakati wa jaribio hilo, kwa maana chembe ya chokaa hai ndani ya jicho ni jeraha baya.

Ukiziweka pamoja, chokaa hushinda kwenye kitu kimoja tu, nacho ni bei ya kuanzia. Kilo ya chokaa ni rahisi mno ukilinganisha na kilo ya zeolaiti. Lakini chokaa hutumika mara moja na kutupwa, sehemu ya etanoli hubaki imenaswa kwenye tope lake zito, mchemko wake hurukaruka, na kazi nzima inadai moto karibu na kiowevu ambacho, kikiwa kavu, mvuke wake unaweza kuwaka hata kwenye nyuzi 13. Zeolaiti hufanya kazi mezani bila moto wowote. Mtu akinieleza kwamba anahitaji nusu lita ya etanoli kavu mara moja kwa ajili ya onyesho la darasani, nitamwambia atumie chokaa na aitumie kama somo la kemia. Akiniambia anahitaji lita kadhaa kila mwezi, sioni sababu ya kuifikiria chokaa hata kidogo.

Njia za kiwandani

Mwaka 1902 Sydney Young alionyesha kwamba benzini ikiongezwa kwenye spiriti, hutokea mchanganyiko wa viowevu vitatu, benzini, etanoli na maji, unaochemka kwenye nyuzi 64.9 na kupanda juu pamoja na maji, huku etanoli kavu ikibaki chini. Ni ubunifu wa hali ya juu: azeotropu moja inavunjwa kwa kuunda nyingine. Kwa muda mrefu etanoli kavu ya viwandani ilitengenezwa hivyo, mpaka benzini ilipothibitika kusababisha saratani na nafasi yake ikachukuliwa zaidi na saikloheksani. Njia hii inahitaji minara zaidi ya mmoja, chombo cha kutenganishia tabaka, na uangalizi usiokatika. Pia huacha mabaki. Etanoli iliyokaushwa kwa benzini huweza kuharibu vipimo vya mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa benzini kidogo tu hufyonza mwanga huo. Mwenye spektrofotomita achunguze etanoli yake ilikaushwaje kabla ya kuinunua.

Njia nyingine huongeza kiowevu kizito kisichovukizwa upesi, kama ethilini glaikoli inayochemka kwenye nyuzi 197 au gliseroli inayochemka kwenye 290. Hicho huyashika maji yasipande, na etanoli hupita peke yake. Kwa kiwanda ni njia nzuri. Kwa maabara ndogo, nishati ya kuitenganisha glaikoli na maji baadaye hula faida yote. Kuna pia utando wa polima unaopitisha maji na kuzuia etanoli, ambao ni safi na hautumii nishati nyingi, lakini gharama ya kuuanzisha ni ya mwenye mtaji.

Jihadhari na kalsiamu kloraidi. Kwa kuwa hukausha hewa na viowevu vingi vizuri, watu huitia kwenye etanoli pia. Lakini huungana na etanoli yenyewe, na unapoteza ulichokuwa unakitafuta.

Si kila kiowevu kina tatizo hili

Methanoli haina azeotropu na maji. Inachemka kwenye nyuzi 64.7, mbali na 100 ya maji, na mnara mzuri wa kukenekea huikausha bila kuongeza chochote. Hili ni la manufaa kwa wanaopima malaria, kwa sababu damu nyembamba kwenye kioo hukazwa kwa methanoli kavu kabla ya rangi ya Giemsa, na methanoli iliyoachwa wazi ikanywa unyevu huharibu umbo la seli nyekundu. Pamoja na hayo, methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, mvuke wake nao ni hatari, na katika lita chache punje za 3A zinafaa kwake vilevile. Kuikeneka nyumbani au stoo sishauri kamwe.

Asetoni nayo haina azeotropu na maji katika kanieneo ya kawaida. Isopropanoli inayo, tena iko chini zaidi: asilimia 88 hivi kwa uzito, au karibu 91 kwa ujazo, kwenye nyuzi 80. Kwa hiyo anayedhani ataikwepa kero ya etanoli kwa kuhamia isopropanoli atakuta maji zaidi ya kuondoa, na zeolaiti zaidi ya kununua.

Neno la lazima kuhusu spiriti yenye rangi inayouzwa kwa ajili ya taa na kupaka: mara nyingi imetiwa methanoli makusudi. Zeolaiti au chokaa havitoi methanoli hiyo. Kikaushaji huondoa maji tu, na etanoli iliyokaushwa kwa njia yoyote kati ya hizi ni kemikali ya maabara, si kinywaji. Kadhalika, kuchemsha pombe kali bila leseni ni kosa la jinai hapa nchini.

Kupima ulichokipata

Haidromita ya pombe, kifaa kinachoelea na kuonyesha asilimia ya etanoli, husomwa kwenye nyuzi 20. Etanoli tupu ina uzito wa gramu 0.789 kwa mililita na ile ya asilimia 96 gramu 0.807, hivyo nafasi ya kusomea ni nyembamba, na joto huiingilia: kila nyuzi 5 zinazozidi hukupotosha kwa karibu asilimia 1 nzima. Alasiri ya Moshi yenye nyuzi 30 itaifanya etanoli ya asilimia 98 ionekane kama imekamilika. Ipoze sampuli kwenye beseni la maji mpaka ifike nyuzi 20 au tumia jedwali la masahihisho.

Kopa salfeti iliyopashwa moto polepole mpaka ikawa nyeupe ni kipimo cha ziada kilicho rahisi. Ikitiwa kwenye spiriti ya 96 hugeuka samawati. Kwenye etanoli iliyokaushwa vizuri hubaki nyeupe. Haikupi namba, na maji yakiwa machache sana haiwezi kuyaona. Anayehitaji namba ya uhakika apeleke sampuli kwenye maabara yenye kifaa cha Karl Fischer, ambacho hupima maji yenyewe moja kwa moja.

Etanoli kavu hunyonya unyevu wa hewa tangu dakika kizibo kinapofunguliwa, na wakati wa masika jambo hilo huenda upesi zaidi. Hifadhi kwenye chupa ndogo za kioo zilizojaa karibu na shingo badala ya dumu moja kubwa linalofunguliwa kila siku, weka tabaka la punje safi za 3A chini ya kila chupa, na unapomimina acha sentimita ya mwisho ibaki pamoja na punje na vumbi lake. Hiyo iliyobaki inafaa kabisa kufutia meza.